Chujio la Oili la Pikapu: Namna ya Kulihamisha Mahali Panapofikika

Pikapu za Toyota Hilux zilizoundwa katika miaka ya 1980 na 1990 zimebeba karibu kila kitu katika nchi ya Kenya: madebe ya maziwa, magunia ya kabeji, mbolea, bwana arusi na hata jeneza. Baadhi yake zilitiwa injini ya petroli iitwayo 22R, yenye silinda nne na ukubwa wa cc 2,366. Mafundi huisifu injini hiyo kwa uvumilivu wake. Hata hivyo liko jambo moja ambalo kila fundi aliyewahi kuihudumia hulinung'unikia, nalo ni mahali pa chujio la oili. Chujio hilo, ambalo gerejini huitwa filta, limefungwa ubavuni mwa injini, nalo limelala chini ya manifoldi inayopitisha hewa na petroli. Kulifikia kwa juu ni shida, kwa kuwa manifoldi imelifunika. Basi fundi hupitisha mkono kando ya gurudumu, akalipapasa pasipo kuliona vizuri, na linapolegea oili ya moto humteremkia mkononi hadi kwenye kwapa.

Kazi ikiwa ngumu, watu huiepuka, na hapo ndipo hasara inapoanza. Mwenye gari huenda gerejini kubadilisha oili. Oili ya zamani humwagwa, mpya hutiwa, na chujio la zamani huachwa pale pale, kwa kuwa fundi haoni sababu ya kuunguza mkono wake kwa malipo yale yale. Gari hurudi nyumbani likiwa na lita nne na kidogo za oili safi inayopita katika uchafu wa miezi mingi. Mwenye gari hajui neno, maana kijiti cha kupimia humwonyesha oili yenye rangi ya asali.

Yafaa kwanza kueleza kazi ya chujio hilo, maana asiyeijua hataelewa hatari ya kulihamisha. Oili hukaa chini ya injini katika chombo kiitwacho sampu. Pampu huivuta kutoka humo, huisukuma ipite katika chujio, ndipo iende kwenye beringi za krenki na sehemu nyingine zinazozunguka. Injini ikiwa nzima na yenye oili ya kutosha, krenki haigusi beringi zake kabisa. Huelea juu ya utando wa oili ulio mwembamba kuliko unywele. Punje ya mchanga au kipande cha chuma kilicho kinene kuliko utando huo hukwaruza beringi kila krenki inapozunguka. Ndani ya chujio mna karatasi ngumu iliyokunjwakunjwa, ambayo hunasa punje hizo. Karatasi ikijaa uchafu, kilango kidogo chenye springi hufunguka na kuiachia oili ipite bila kuchujwa, kwa sababu oili chafu ni afadhali kuliko kukosa oili. Kilango hicho ni cha dharura. Lakini katika gari ambalo chujio lake halibadilishwi, dharura hugeuka kuwa mwendo wa kila siku.

Magari ya zamani sana hayakuwa na chujio la namna hiyo. Mwaka 1923 Wamarekani wawili, Ernest Sweetland na George Greenhalgh, waliomba hataza ya chombo cha kusafisha oili ya injini, wakakiita Purolator. Kwa miaka mingi baadaye chujio lilikuwa kikopo cha chuma ambacho fundi alikifungua na kubadilisha karatasi ya ndani tu. Katika miaka ya 1950 lilitokea chujio la kuzungushwa, lile linalofungwa kwa mkono kama kifuniko cha chupa na kutupwa zima linapochakaa. Ni kwa sababu ya umbo hilo kwamba kulihamisha kumekuwa jambo rahisi: chochote chenye hesi ileile, yaani mikato ileile ya skrubu, chaweza kukaa mahali pake.

Watengenezaji wenyewe nao wamelitambua tatizo. Katika pikapu za Toyota Tacoma zilizouzwa Marekani kuanzia mwaka 2005 zikiwa na injini ya V6 ya lita 4, chujio limesimama juu, upande wa mbele wa injini, nawe hulifikia kwa kufungua boneti tu. Mwenye gari la zamani hawezi kuibadilisha injini yake kwa sababu ya chujio, lakini aweza kuongeza paipu mbili akalipeleka chujio mahali anapotaka.

Kabla hajatumia fedha hizo, inampasa ajiulize kama shida yake ni mahali pa chujio au ni vyombo vya kazi. Iko spana ya kikombe inayoshika kichwa cha chujio kutoka mwishoni, ambayo hufika pale ambapo spana ya mkanda haina nafasi ya kuzunguka. Kwa kufunga fimbo ya kuongezea urefu, fundi hulilegeza chujio akiwa nje ya gurudumu. Kuhusu oili inayomwagika, kipande cha bati jembamba kilichokunjwa kama mfereji, kikaingizwa chini ya mdomo wa chujio, huiongoza oili hadi kwenye karai. Vitu hivyo viwili ni vya bei ndogo, wala haviongezi kiungo hata kimoja katika njia ya oili. Kwa mtu anayebadilisha oili mara mbili kwa mwaka, huenda vikamtosha kabisa. Kuhamisha chujio kunamfaa zaidi yule ambaye gari lake hufanya kazi kila siku katika vumbi, ambaye hubadilisha oili mara kwa mara kila baada ya kilomita elfu chache, na ambaye ameona kwa macho yake kwamba chujio linarukwa.

Vifaa vinavyotakiwa ni vya namna tatu. Kwanza ni bamba la duara linalofungwa kwenye injini mahali chujio lilipokuwa. Bamba hilo lina matundu mawili ya kuunganishia paipu. Pili ni kikalio, yaani kipande cha aluminiamu kitakachofungwa mahali papya na kulishika chujio. Nacho kina matundu mawili. Tatu ni paipu mbili pamoja na viungo vyake. Bamba ni lazima lilingane na hesi ya injini. Injini nyingi za Toyota, ikiwamo 22R, na nyingi za Ford, zina hesi ya robo tatu ya inchi yenye mikato 16 katika kila inchi. Magari mengine mengi ya Japani yana hesi ya milimita 20 ambayo mikato yake hupishana kwa milimita 1.5. Hesi hizo mbili hukaribiana kwa macho, na mtu mwenye haraka aweza kuilazimisha moja iingie katika nyingine kwa mizunguko miwili au mitatu na kuiharibu injini papo hapo. Dawa yake ni kuchukua chujio la zamani kwenda nalo dukani, na kulijaribu kwenye kikalio kipya kwa mkono mtupu. Likizunguka jepesi mpaka mwisho, hesi ni moja.

Sasa yafuata jambo ambalo limeua injini nyingi kuliko makosa mengine yote ya kazi hii, nalo ni kupishanisha paipu.

Chujio la kuzungushwa lina matundu madogo kuzunguka ukingo wake, na tundu moja kubwa katikati. Oili chafu kutoka kwenye pampu huingia kwa matundu ya ukingoni, hupenya karatasi kutoka nje kwenda ndani, kisha hutoka kwa tundu la katikati ikiwa safi na kuingia katika injini. Nyuma ya matundu ya ukingoni mna ulimi wa mpira. Kazi yake ni kuzuia oili isirudi nyuma injini inapozimwa, ili asubuhi chujio liwe limejaa na beringi zisisubiri. Ulimi huo hufunguka kwa upande mmoja tu. Basi paipu zikipishana, oili itaingia kwa tundu la katikati, itausukuma ulimi kwa ndani, nao utajifunga. Kadiri pampu inavyosukuma, ndivyo ulimi unavyojibana. Kile kilango cha dharura nacho hakisaidii, kwa maana kimewekewa oili inayotoka upande wa ukingoni. Injini itawaka na kunguruma vizuri kwa muda mfupi, huku beringi zake hazipati oili.

Kosa hilo hutokana na alama zenyewe zilizopigwa juu ya vifaa. Bamba la injini mara nyingi lina alama mbili za Kiingereza, IN na OUT. Kikalio nacho kina alama hizo hizo. Mtu huona ni jambo la akili kuunganisha IN na IN, OUT na OUT, kama mtu anayeunganisha nyaya za rangi moja. Lakini katika bamba OUT maana yake ni oili inayotoka katika injini, na katika kikalio IN maana yake ni oili inayoingia katika chujio. Kwa hiyo OUT ya bamba huunganishwa na IN ya kikalio, na OUT ya kikalio hurudi kwenye IN ya bamba. Tena si watengenezaji wote wanaotumia alama kwa maana moja, na wengine hawapigi alama yoyote.

Njia isiyodanganya ni pumzi ya fundi mwenyewe. Kabla ya kufunga chochote, na ashike bamba safi mkononi, apulize kwa mdomo katika tundu moja la pembeni, na asikilize kwa kiganja mahali hewa inapotokea. Ikitokea katika duara la ukingoni, paipu ya tundu lile ndiyo itakayobeba oili chafu kutoka kwenye pampu. Ikitokea katikati, tundu lile ndilo la kurudishia oili safi. Kisha afanye vivyo hivyo kwa kikalio. Aweke alama ya rangi, kisha aunganishe ukingoni na ukingoni, katikati na katikati. Zoezi hilo halimalizi dakika mbili, wala halihitaji kujua Kiingereza.

Kuhusu paipu, mpira wa kumwagilia bustani haufai, wala mpira wa radieta, wala ule wa petroli uliofungwa kwa waya. Oili ya injini ya moto hufikia nyuzi 100 za sentigredi na kuzipita, na msukumo wake gari likiwa barabarani huwa kwa kawaida kati ya ratili 30 na 70 kwa inchi mraba. Asubuhi ya baridi ya Limuru au Molo, oili ikiwa nzito, msukumo huo hupanda zaidi kwa dakika za kwanza. Mpira usiofaa hulainika kwa joto, huvimba, kisha hupasuka. Na pampu haijui kwamba paipu imepasuka, bali huendelea kusukuma. Sampu yaweza kumwagika yote njiani kabla dereva hajaona taa nyekundu na kupata mahali pa kusimama. Oili hiyo ikiangukia bomba la moshi, gari laweza kushika moto.

Paipu inayofaa ni ile yenye nyuzi imara ndani yake, na tundu lisilopungua nusu inchi, na viungo vilivyobanwa kwa mashine. Wale wanaobana paipu za haidroliki za trekta waweza kuifanya kazi hiyo kwa muda mfupi. Lakini mteja na asome maandishi yaliyo juu ya paipu au aulize, kwa sababu nyingi za paipu za trekta zimewekewa mpaka wa nyuzi 100, nazo zitachakaa upesi karibu na injini. Iliyo bora ni ya kustahimili nyuzi 120 na zaidi.

Baada ya kukatwa, paipu huwa na unga wa mpira na chembe za chuma ndani yake. Hapa pana jambo linalosahauliwa. Paipu inayotoka kwenye chujio na kurudi kwenye injini haina chujio jingine mbele yake. Kila chembe iliyobaki ndani ya paipu hiyo itakwenda moja kwa moja kwenye beringi. Basi paipu zote mbili zioshwe kwa mafuta ya taa, zipulizwe kwa hewa ya kompresa, na kuzibwa ncha zake mpaka saa ya kufungwa. Kwa sababu iyo hiyo, utepe mweupe wa mafundi wa maji usitumiwe kwenye viungo hivi, maana vipande vyake hukatika na kusafiri na oili.

Mahali papya pa chujio huchaguliwa kwa macho mawili: jicho la mikono na jicho la hatari. Mikono yataka mahali panapoonekana boneti ikifunguliwa, penye nafasi ya kuweka karai chini yake. Hatari yataka pawe mbali na bomba la moshi, mbali na feni na mikanda, mbali na fimbo za usukani, na pasiwe chini kiasi cha kugongwa na mawe. Ukuta wa ndani wa bodi karibu na betri mara nyingi hufaa, iwapo bati lake ni imara au limeongezewa kipande cha chuma kwa nyuma. Afadhali chujio lining'inie, kikalio kikiwa juu na kopo likiwa chini. Likiwa hivyo hubaki limejaa oili injini ikizimwa, na linapofunguliwa halimwagi kitu kama mtu analishusha wima. Tena ikumbukwe kwamba injini hukaa juu ya mipira, nayo hutikisika inapowaka, ilhali bodi haitikisiki nayo. Paipu iliyovutwa ikanyooka kama kamba ya nguo itang'oka kwenye kiungo; lazima iwe na ulegevu, na kila inapogusa chuma ivishwe kipande cha mpira wa zamani ili isisuguliwe.

Kazi yenyewe, baada ya hayo yote, si ndefu. Oili humwagwa na chujio la zamani hutolewa. Fundi hupangusa uso wa injini na kuhakikisha kwamba ringi ya mpira ya chujio la zamani haikubaki imenata pale. Hubaki mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Na bamba likifungwa juu yake, ringi mbili hukaa pamoja na oili hufoka siku ya kwanza. Bamba hufungwa huku matundu yake yakielekea upande ambao paipu zitapita pasipo kupindwa ghafla. Kikalio hufungwa, paipu huunganishwa kufuata zile alama za rangi, na chujio jipya hujazwa oili, ringi yake ikapakwa oili kidogo, kisha likafungwa kwa nguvu ya mkono tu.

Oili inayotiwa itazidi ile ya kawaida. Paipu mbili za nusu inchi, kila moja yenye urefu wa sentimita 60, hubeba karibu sentimita za ujazo 150, yaani zaidi kidogo ya nusu kikombe. Zikiwa na urefu wa mita moja kila moja, hubeba robo lita. Kijiti hakitaonyesha upungufu huo mpaka injini iwe imezunguka na kuzijaza paipu.

Kwa hiyo injini isiwashwe mara moja. Waya wa koili hutolewa ili plagi zisipige cheche, kisha stata huzungushwa kwa muda usiozidi sekunde 10, ikapumzishwa, ikazungushwa tena, mpaka taa nyekundu ya oili izimike au mshale wa geji uinuke. Isipozimika baada ya kurudia mara kadhaa, fundi asijitie moyo kwamba itazimika injini ikiwaka. Na arudi kwenye paipu zake, atazame tena ukingoni na katikati. Ikizimika, waya hurudishwa, injini huwashwa na kuachwa inguruma polepole huku mtu mmoja akiitazama taa na mwingine akipitisha karatasi kavu chini ya kila kiungo. Karatasi huonyesha tone ambalo jicho halilioni. Baada ya dakika chache injini huzimwa, husubiriwa oili iteremke, kijiti hupimwa, na oili inayopungua huongezwa.

Viungo hukaguliwa tena baada ya safari ya kwanza, na tena baada ya kilomita 500, kwa maana mpira mpya hujibana na skrubu hulegea kidogo. Tangu hapo paipu zahesabiwa kuwa vitu vinavyochakaa kama mkanda wa feni: zinapoanza kuwa ngumu, kupasuka ngozi au kutokwa jasho la oili, hubadilishwa pasipo kungoja. Wale wanaouza gari lililofanyiwa kazi hii wamwonyeshe mnunuzi chujio lilipo na namba ya chujio linalotumika, ikiwezekana kwa rangi juu ya bodi karibu na kikalio, ili fundi mgeni asitafute la zamani chini ya manifoldi na kudhani gari halina chujio.

Kuhusu oili iliyomwagwa, kuna desturi ya kuipaka nguzo za ua ili mchwa wasizile. Nguzo hudumu, ni kweli, lakini oili hiyo ina chembe za metali na sumu zilizotokana na kuungua, nayo huteremka na mvua hadi kisimani. Iwekwe katika debe lenye kifuniko na kupelekwa gerejini inakokusanywa. Chujio la zamani litobolewe kichwani kwa msumari na kuinamishwa juu ya debe lilo hilo kwa usiku mmoja, maana hubaki na oili nyingi ndani yake.